Kiini na kiinimacho: hotuba kwa wanaoanza kujifunza mifumo endeshi

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wapya wa somo la mifumo endeshi. Kuna ambao hawakuweza kufika na wakaomba nakala, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Naanza na swali, na naomba msikimbilie jibu. Prosesa moja hutekeleza amri, ikaimaliza, ikachukua nyingine. Inawezaje basi kucheza muziki, kupakua faili na kuonyesha herufi unazoandika, yote kwa wakati mmoja?

Nimesikia sauti huko nyuma: "Kwa sababu ina kasi." Hilo ni nusu ya jibu. Farasi hata awe na mbio namna gani hawezi kukimbia mashariki na magharibi kwa pamoja. Jibu kamili ni kwamba haifanyi hivyo. Haichezi muziki wakati inapakua faili, wala haipakui faili wakati inaandika herufi yako. Inakudanganya. Inakudanganya kwa ustadi, kwa nia njema, na usiku na mchana.

Kiswahili kimetupa zawadi hapa, na mimi siwezi kuipita. Ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayomiliki vifaa vyote na kuamua nani apate nini, tunaiita kiini. Na kazi ya kiini ni ipi? Kiinimacho! Kila programu inaonyeshwa kompyuta ambayo haipo: kompyuta iliyo yake peke yake, yenye kumbukumbu tele, yenye diski iliyopangwa kwa majina na folda. Nyuma ya pazia kuna prosesa inayogombewa, kumbukumbu iliyokatwakatwa na diski isiyojua jina la mtu yeyote.

Wengi wenu mmekwisha kukariri kwamba mfumo endeshi ni programu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuwezesha programu nyingine kufanya kazi. Ni kweli. Mtapata alama zenu. Lakini nimewaona watu walioikariri sentensi hiyo miaka mitatu, na siku kompyuta inapoganda wanaitazama kama wanavyotazama mvua. Mimi nataka mjue mchezo unachezwaje. Basi kila tutakapoona kitu cha ajabu leo, tuulizane hivi: hiki ni kiinimacho gani, na nyuma ya pazia kuna nini?

Tuanze na wakati.

Hapo zamani mtu aliyetaka kutumia kompyuta alitoboa kadi zake, akazikabidhi, akaenda zake, akarudi baada ya saa kadhaa kuchukua majibu. Akiwa amekosea herufi moja, anarudi mwisho wa foleni. Mashine ilikuwa ghali, muda wa binadamu ukahesabiwa kuwa rahisi. Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Watu kadhaa wakakaa kila mmoja mbele ya kifaa chake cha kuandikia, mashine ikiwa ile ile moja, na kila mmoja akaiona kama inamsikiliza yeye. Kumbe ilikuwa inawazungukia kwa zamu.

Zamu hizo ndizo siri yenyewe. Prosesa ya leo hupiga mapigo bilioni tatu hivi kwa sekunde. Ukiipa programu zamu ya milisekunde kumi, umeipa mapigo milioni thelathini. Huo ni muda mwingi sana kwa mashine, na kwako wewe haufiki hata kupepesa jicho. Zamu ikiisha, kiini kinaandika pembeni programu ilikuwa imefikia wapi, namba gani zilikuwa mkononi, amri gani ilikuwa inafuata, kisha kinaiweka nyingine mahali pake. Ile ya kwanza ikirudishwa inaendelea na neno lililokuwa ulimini mwake. Haijui kama ililala.

Hapo tuwekane sawa kuhusu neno moja. Programu ikiwa imelala kwenye diski ni maandishi tu. Ikishaamshwa, ikapewa kumbukumbu na nafasi kwenye zamu, inaitwa mchakato. Maandishi yale yale yanaweza kuwa michakato kumi kwa mpigo.

Sasa niwaulize: je, programu ikikataa kuachia zamu yake?

Msicheke, imetokea. Kompyuta niliyojifunzia ilikuwa na mfumo uliotegemea adabu. Kila programu ilitarajiwa kuachia prosesa kwa hiari yake. Niliandika programu yangu ya kwanza yenye kitanzi, yaani amri zinazojirudia, nikasahau kuweka sharti la kutoka. Ikazunguka. Kishale cha panya kikaganda, kibodi ikawa ubao, na kazi ya mwenzangu tuliyekuwa tukitumia naye kompyuta ile ikaenda na maji pale tulipolazimika kuikata umeme. Hakunisemesha siku mbili.

Mifumo ya leo haitegemei adabu. Kuna saa ndani ya mashine ambayo kiini huitega kabla ya kumkabidhi mtu prosesa. Saa ikilia, prosesa inaacha inachofanya, itake isitake, na kurudi kwenye kiini. Programu haiwezi kuizima saa hiyo, kwa sababu amri ya kuizima ni miongoni mwa amri ambazo prosesa yenyewe huzikataa isipokuwa kiini ndicho kinachoitoa. Ndiyo maana leo kitanzi chako kisicho na mwisho kitapasha mashine moto na feni zitapiga kelele, lakini kishale kitatembea.

Basi nani apewe zamu kwanza? Hapa watu wengi husema: mwenye nguvu mpishe. Kazi muhimu itangulie. Ni kanuni nzuri, nami nataka mwone jinsi kanuni nzuri inavyoweza kumwangusha mwenyewe.

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe, na kila ilipofanya hivyo kazi ya siku ilikatika. Hebu fikirini: hakuna wa kwenda kubonyeza kitufe.

Ndani ya kompyuta ile kazi zilipangwa kwa vyeo. Kazi iliyosimamia njia ya kupitishia data ilikuwa na cheo cha juu. Kazi ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa ilikuwa na cheo cha chini. Katikati zilikuwapo nyingine, zikiwemo za mawasiliano. Mkubwa na mdogo walitumia kitu kimoja kwa pamoja, na kitu hicho kilikuwa na kufuli: ukilishika wewe, mwenzako anasubiri. Mdogo akalishika. Kabla hajaliachia, wa kati akaamka. Na kwa kuwa wa kati ana cheo kuliko mdogo, mdogo akasukumwa pembeni, kufuli likiwa bado mkononi. Mkubwa akaja, akakuta limefungwa, akasubiri. Anamsubiri nani? Mdogo. Na mdogo anamsubiri nani? Wa kati, ambaye hana habari na kufuli wala hana haraka. Ikawa mkubwa wa wote amewekwa foleni nyuma ya wa kati! Kulikuwa na mlinzi aliyekagua kama mkubwa amemaliza kazi kwa wakati. Akaona hajamaliza, akahukumu kwamba mashine imeharibika, akaiwasha upya.

Dawa ilikuwa inajulikana. Anayeshika kufuli linalosubiriwa na mkubwa huazimwa cheo cha mkubwa mpaka aliachie. Hapo wa kati hawezi kumsukuma. Uwezo huo ulikuwamo tayari kwenye mfumo endeshi wa chombo kile, ila kwa kufuli lile ulikuwa haujawashwa. Wahandisi wakaitafuta hitilafu kwenye nakala iliyobaki duniani mpaka ikatokea mbele ya macho yao, kisha wakatuma mabadiliko Mirihi. Ugonjwa ukapona.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa makusudi. Hakuna waya uliokatika pale. Hakuna kazi hata moja iliyokosea hesabu. Kila moja ilitenda sawasawa, na jumla yake ikawa kosa. Makosa ya mifumo endeshi mara nyingi yako hivyo, na ukiyasoma kwa kuangalia programu moja moja hutayaona.

Twende kwenye kumbukumbu. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mfumo endeshi unakalisha fahali mia mbili kwenye zizi moja, na kila mmoja anaapa kwamba yuko peke yake malishoni.

Unafanyaje? Programu ikisema "nisomee kilichoko anwani ya 5000", yaani mahali penye namba hiyo kwenye kumbukumbu, anwani hiyo si ya kweli. Ni ya kiinimacho. Ndani ya prosesa kuna kifaa cha kutafsiri, na kiini kimempa kila mchakato jedwali lake la tafsiri. Kwa mchakato huu, 5000 ni mahali fulani. Kwa mchakato ule, 5000 ile ile ni mahali pengine kabisa. Kumbukumbu hukatwa vipande vinavyoitwa kurasa, na kwenye kompyuta nyingi za leo ukurasa mmoja ni baiti 4096. Mbinu hii si ya jana: kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ilikuwa nayo mwaka 1962.

Utamu wake ni kwamba ukurasa si lazima uwepo. Kumbukumbu ikijaa, kiini huchukua kurasa ambazo hazijaguswa muda mrefu na kuzihifadhi kwenye diski. Programu ikiziulizia, prosesa inakwama kwenye tafsiri, inamwita kiini, kiini kinaleta ukurasa kutoka diskini, kinasahihisha jedwali, na programu inaendelea bila kujua kwamba ilichoomba hakikuwepo. Sasa mnaelewa kwa nini kompyuta yenye programu nyingi zilizofunguliwa hupungua kasi ghafla, si polepole? Kwa muda mrefu kiinimacho kinakubali. Kisha kinafika mahali kurasa zinapelekwa diskini na kurudishwa, zinapelekwa na kurudishwa, na diski ni ya polepole mno ukiilinganisha na kumbukumbu. Pazia limefunguka, umemwona mfanya mazingaombwe akitokwa jasho.

Je, programu ikiomba anwani ambayo jedwali lake halina kabisa? Kiini kinaiua. Wengi wenu mmeona programu ikifungika ghafla na ujumbe usioeleweka. Mara nyingi ni hilo. Wengine hukasirika; mimi hushukuru. Imeuawa moja, nyingine zote ziko hai, na hakuna iliyochungulia siri za jirani.

Lakini ulinzi huu una mpaka, na kuna kisa cha CTSS, ule ule mfumo wa Corbató, ambacho yeye mwenyewe alikisimulia baadaye. CTSS ilikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kutumia nywila. Siku moja katika miaka ya 60, kila aliyeingia kwenye mfumo alikaribishwa, mahali pa tangazo la siku, na orodha ya nywila za watumiaji wote! Ilikuwaje? Programu ya kuhariri maandishi ilikuwa ikiandika kazi yake kwenye faili la muda lenye jina lile lile kila mara. Wasimamizi wawili wakawa kazini kwa wakati mmoja, katika sehemu moja ya mfumo, mmoja akihariri tangazo na mwingine akihariri nywila. Faili la muda likawa moja kwa wote wawili. Yaliyomo yakabadilishana.

Mwaona kosa liko wapi? Aliyeandika programu ile alidhani mtumiaji ni mmoja daima. Alikiamini kiinimacho. Mfumo unakuambia uko peke yako, na kwa prosesa na kumbukumbu unaweza kuishi kwa imani hiyo. Kwenye faili, kwenye mtandao, kwenye chochote ambacho wawili wanaweza kukigusa, imani hiyo itakuumbua.

Na programu inaligusaje faili, ikiwa imefungiwa kwenye zizi lake? Haigusi. Inaomba. Kuna mlango mmoja kati ya programu na kiini, na kila kitu hupitia hapo: kufungua faili, kutuma data, kuanzisha mchakato mwingine, hata kuuliza ni saa ngapi kwa baadhi ya mifumo. Programu inaweka ombi lake mezani, prosesa inabadilika kuwa katika hali ya mamlaka, kiini kinakagua kama mwombaji ana ruhusa, kinatenda, kinarudisha jibu. Wenye kompyuta za mfumo endeshi wa Linux wana chombo kiitwacho strace kinachoonyesha maombi hayo moja baada ya jingine. Amri ndogo ya kuorodhesha faili zilizomo kwenye folda itawaonyesha makumi ya maombi. Chombo hicho kilinifundisha kuliko mihadhara, na nasema hivyo nikiwa mhadhiri.

Faili lenyewe nalo ni kiinimacho. Diski haina faili wala folda, ina vipande vyenye namba. Majina, tarehe, ruhusa na mpangilio wa vipande gani vinafuatana ni daftari ambalo mfumo unalitunza. Unapofuta faili, kwa kawaida linalofutwa ni jina lake daftarini. Yaliyoandikwa hubaki mpaka nafasi ile ihitajike. Na kwenye mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, Linux ikiwemo, ukilifuta faili ambalo mchakato bado umelifungua, jina linatoweka lakini nafasi hairudi. Nilishawahi kufuta faili kubwa la kumbukumbu za matukio kwenye seva iliyojaa, nikaangalia nafasi, imejaa vile vile. Nikafuta mengine. Imejaa. Nusu saa nzima nilikuwa naitukana mashine isiyo na hatia, hadi nilipouzima mchakato uliokuwa umelishikilia lile la kwanza, na nafasi ikarudi papo hapo.

Na neno "imehifadhiwa" je? Ni ahadi. Mfumo mara nyingi hupokea maandishi yako, huyaweka kwenye kumbukumbu, hukuambia tayari, na kuyapeleka diskini baadaye kidogo, kwa sababu kusubiri diski kila mara kungechosha. Ndiyo maana mnaambiwa muiondoe flashi kwa utaratibu. Nilidharau hilo mara moja. Nilinakili ripoti, nikaona mstari umefika mwisho, nikaichomoa. Nilipoifungua mbele ya watu waliokuwa wakiisubiri, jina la faili lilikuwepo, ukubwa wake sifuri.

Kuhusu draiva sitasema mengi: kila kifaa kina lugha yake, na draiva ni mkalimani. Mtazikuta mbele, na zitawachosha.

Mtauliza, je, haya yote mtu mmoja anaweza kuyamudu? Mwaka 1969, Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs, Marekani, alikuwa na kompyuta ndogo ya PDP-7 na mke aliyekwenda likizo na mtoto wao. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika wiki tatu hivi akakamilisha sehemu zilizokuwa zimebaki ili kupata mfumo wa kutumika. Hiyo ndiyo mbegu ya Unix. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Ndio Linux, na leo uko kwenye seva nyingi na ndani ya kila simu ya Android. Siwaambii mtaandika Unix. Nasema misingi yenyewe ni michache: zamu, tafsiri ya anwani, mlango wa maombi, daftari la faili. MIT wana mfumo wa kufundishia, xv6, wenye mistari elfu chache tu ya msimbo. Usomeni huo kabla ya kununua kitabu kinene.

Hapo nilimaliza nikaomba maswali. Nitaandika moja tu, kwa sababu ndilo lililonipendeza. Dada mmoja aliyekaa mbele alisimama akasema: "Mwalimu, kama kiini kinazidanganya programu zote, kiini chenyewe hakidanganywi?"

Nikamwambia kinadanganywa. Kampuni ya kompyuta ya IBM walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 60, na mwaka 1972 wakatangaza VM/370: programu iliyokaa chini ya mifumo endeshi na kuuonyesha kila mfumo mashine nzima isiyokuwepo. Kiini kinatega saa yake, kinapanga majedwali yake, kinaamini kinamiliki vifaa. Kumbe nacho kiko zizini. Seva nyingi mnazozitumia leo kupitia mtandao ziko hivyo.

Akafikiri kidogo. "Na huyo anayekidanganya kiini, yeye anajuaje kwamba yuko kwenye mashine ya kweli?"

Nikamwambia hajui.